Kikombe, Nyumba, Samaki

Jumatatu, 3 Februari
Zahanati inatafuta chekechea ya kushirikiana nayo. Moja tu! Muuguzi atakuja kila mwezi kuwapima watoto, na bango la ushirikiano litabandikwa getini. Bango hilo ni langu. Nikilikosa litakwenda chekechea ya ng'ambo ya barabara, kwa Mama Tabasamu, aliyeninyang'anya watoto tisa mwaka jana kwa kupaka kuta zake rangi ya waridi. Wazazi wa siku hizi! Ijumaa muuguzi anapima macho, kwake kwanza, kisha kwangu.

Jumanne, 4 Februari
Nimekwenda zahanati kwa kisingizio cha kikohozi. Ukutani kuna chati ya macho ya watoto: picha badala ya herufi, kubwa juu, ndogo chini. Nimekohoa mpaka nikamaliza kuinakili nyuma ya kadi yangu. Shule isiyo na mtoto mgonjwa hata mmoja, nani ataikataa? Akili ninazo, sema hakuna wa kunisifu.

Jumatano, 5 Februari
Hesabu tumeziweka kando. Watoto thelathini na wawili wanaimba "kikombe, nyumba, samaki" tangu asubuhi. Anayeongoza ni mjukuu wangu! Huyu huyu ambaye hanakili kitu ubaoni, na jana kapiga teke ndoo ya maji iliyokuwa mbele yake. Binti yangu kaniuliza kama nimeona mtoto anavyoinamia sahani akila. Nikamwambia ni uvivu, kamdekeza mwenyewe. Akamshika mtoto mkono, akaondoka naye. Sikupenda alivyoondoka.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa! Muuguzi katundika chati nyingine kabisa: mpira, nyota, jogoo. Watoto wakasimama mmoja mmoja, kifua mbele, wakataja kikombe, nyumba, samaki. Mjukuu wangu alitaja kwa sauti kuliko wote, akiwa ameikodolea macho kalenda. Muuguzi akamshika mabega, akamgeuza taratibu. Akaniambia hawezi kuandika jibu la mtoto yeyote, maana hajui nani anaona na nani anaimba. Kisha akauliza huyu wa kalenda ni wa nani.

Nikasema simjui.

Jumatatu, 10 Februari
Bango limevuka barabara. Mama Tabasamu hakuwafundisha watoto wake chochote, wanane wakakutwa na matatizo ya macho, na kwa ajili ya hao wanane kapewa ushirikiano. Kumbe wanatafuta wenye shida! Si wangesema? Binti yangu hakunilaumu. Kachukua begi la mtoto, kavuka naye.

Alhamisi, 20 Februari
Mjukuu wangu ana miwani. Asubuhi alisimama kwenye geti la ng'ambo akanipungia mkono. Hajawahi kunipungia nikiwa mbali, miaka yote nilidhani ni kukosa adabu. Imeniuma. Nimeingia ofisini nikafunga mlango.

Mchana nimepata habari: zahanati ya mtaa wa pili nayo inatafuta chekechea, safari hii kwa masikio. Sirudii kosa! Wanataka wenye shida, watawapata. Mazoezi yameanza saa nane: nikiita jina, mtoto asigeuke. Wengi wanacheka, wanaharibu. Ila kuna binti mmoja wa dawati la nyuma, mpole, hodari ajabu. Nimemwita mara sita, hakutikisika hata kidogo.

Nimempa nyota.