Mpishi Niliyemchagua Mwenyewe

Jumatano, 11 Juni 2025

Baridi ya Mbeya leo inauma mpaka kwenye fizi. Bi Mwamvita, mwenye kampuni yetu ya kutembeza watalii, ametangaza kwamba safari hii ya siku tatu Mlima Rungwe ndiyo mtihani. Walimu watano kutoka Iringa wataandika maoni kwenye daftari la wageni, na atakayesifiwa zaidi ndiye kiongozi mkuu.

Washindani wawili tu. Mimi, Shamsudin, mtu wa mjini, mwenye Kiingereza na miwani ya jua. Na Mzee Andendekisye, mkulima wa viazi aliyezaliwa chini ya mlima huo, asiyejua hata kupiga picha kwa simu. Mtihani gani huo!

Mke wangu Shufaa anasema nikikosa cheo hiki niende Chimala, kwenye ghala la mchele la mjomba wake. Miaka kumi na mbili ya ndoa, na hiyo ndiyo dua yake.

Lakini nina mpango. Mpishi wetu anaumwa, nikajitolea kutafuta mwingine. Nimempata Eveline, anatoka kijiji kimoja na mzee. Nikamuuliza kama anamfahamu. Akainamisha macho, akasema anamfahamu sana. Basi! Atanipa udhaifu wake wote. Sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Eveline ni mkamwana wa mzee! Ameolewa na mwanawe wa kwanza, Ipyana. Na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, wala jina lake halitaji. Mila hiyo naijua tangu utotoni. Nilidhani imebaki kwa mabibi.

Tunaanza tu kupanda, mzee akatokea kwenye kona. Eveline akatupa sufuria, akarukia kwenye majani yanayowasha. Mzee naye akageuka, akakumbatia mti. Walimu midomo wazi. Moyoni nikafurahi. Safari imeharibika, na mwenye mila ni yeye!

Wapi! Mzee akapanga kila kitu upya bila kupandisha sauti. Yeye mbele na wageni, akikohoa kwa nguvu kila kona. Eveline nyuma na vyakula. Penye njia panda mzee analaza tawi bichi kwenye njia isiyopitwa, Eveline akifika anajua pa kupita. Mwalimu Devotha, mkubwa wa wageni, akasema hata kwao Iringa heshima ya namna hii inapotea, akafuta machozi. Machozi! Nimembebea begi lake tangu asubuhi, hakuna aliyenililia.

Kambini moto ukawashwa sehemu mbili, kichaka katikati. Kazi ya kupeleka sahani huku na huku imeniangukia mimi. Mgombea wa ukuu, mbeba sahani!

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa korongoni. Kalamu inafanya kazi. Simu haina mtandao. Sala ya adhuhuri nimeiswali kwenye matope.

Ilikuwa hivi. Njia panda ya mianzini: kulia kambini, kushoto korongoni. Mzee akalaza tawi kushoto, akapita kulia na wageni. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Walipotoweka, nikalihamishia tawi kulia. Eveline ashukie korongoni na vyakula vyote, wageni washinde njaa, halafu tuulizane matawi ni ya nani. Nikacheka peke yangu.

Kisha haja ikanibana. Chai ya Eveline ina tangawizi nyingi mno. Nikaingia vichakani. Kutoka, ukungu umeshuka, sioni hata mkono wangu. Nikapapasa kwa mguu mpaka nikalipata tawi. Nikalitii.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeokolewa. Masaa matatu matopeni, nikiita majina ya watu wote, hata la Shufaa.

Kumbe Eveline hakudanganyika. Miaka tisa hajamtazama mkwe wake usoni, lakini kazi ya mikono yake anaijua. Mzee hulaza tawi shina likielekea njia salama. Langu lilitupwa ovyo, na viatu vyangu vya mjini viliacha alama kila upande. Akalirudisha tawi mahali pake, akafikisha chakula, kisha akarudi kufuata alama zangu. Mzee akaja kwa upande wa pili.

Mzee akauambia mti: "We mti, mwambie mwenye kamba aifunge kwenye jiwe lile." Eveline, amempa mgongo, akaliambia jiwe: "Jiwe, sema kamba imeshakaza." Mimi katikati nimening'inia kama soksi.

Nilipofika juu mzee akanivisha koti lake. Kuhusu tawi hakuuliza kitu. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Jumapili, 15 Juni

Daftari limesomwa. Bi Mwamvita ameteua viongozi wakuu wawili: Mzee Andendekisye safari za Rungwe, Eveline safari za Kitulo, ili wasikutane. Mpishi wangu! Nimemleta mimi! Vyeo viwili, sijapata hata kimoja. Jina langu halimo. Wameandika tu, "Pole kwa yule aliyepotea." Koti la mzee bado ninalo. Nimelificha uvunguni, sitaki kuliona.

Jumatatu, 23 Juni

Chimala. Vumbi la pumba mpaka kwenye uji. Nabeba magunia, huku msimamizi wa ghala, Zubery, amekalia kiti chenye mto. Kiti kile ni changu, wanichelewesha tu.

Anahitaji karani wa mizani. Nimejitolea kumtafutia, na leo nimempata: dada mmoja anaitwa Nasrin. Nilipomtajia jina la Zubery, dada huyo alicheka sana. Anasema anamjua nje ndani, wameishi nyumba moja miaka minne, na amemtafuta muda mrefu. Anaanza kesho asubuhi. Sikuuliza zaidi.