Rejeta Mpya, Boksi Lake na Mama Zuhura

Jamani, leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimeifunga kwa spana zangu mwenyewe.

Mimi ni fundi magari hapa Kibaha, nina lori langu kuukuu. Siku za karibuni lilikuwa linachemsha. Nikabadilisha wota pampu. Bado. Nikabadilisha themostati. Bado. Jana nikafunga rejeta mpya inayong'aa, nikalala kwa amani.

Asubuhi nikapakia mabati ya Mama Zuhura kuyapeleka Masaki (ya huku shamba, si ile ya mjini), ndugu zake wanamsubiri waezeke leo leo. Zuhura naye akapanda. (Zuhura ndiye ninayemuwaza kila nikishika spana. Mama yake akakaa katikati yetu.)

Tukapita Soga. Umande haujakauka, harufu ya maua ya mikorosho inaingia dirishani, treni ya umeme inateleza kule mbali bila kelele. Nikaanza kuota macho wazi: mimi na Zuhura, nyumba ndogo, jua la jioni, ananimiminia chai, ananicheka kidogo... Mshale wa joto sikuutazama kabisa.

"Baba, huo moshi ni wa nani?" Mama akauliza.

Wa lori langu! Mvuke unapanda mbele ya kioo, mweupe, taratibu, kama wingu lililoshuka kutusalimia. (Kwa kweli ulipendeza.)

Nikasimama. Bodaboda wawili nao wakasimama kushangaa. Kuona watu, nikajifanya profesa.

"Mama, hii ni gasketi ya silinda hedi. Au injini imepasuka kabisa. Tushushe mabati, tutafute gari jingine."

"Na wale wanaosubiri kuezeka?"

"Mama, injini ni kama moyo wa binadamu." (Hata sijui nilimaanisha nini.)

Zuhura akaniangalia. "Si ulisema umebadilisha kila kitu?"

"Rejeta mpya kabisa! Njooni muone wenyewe!"

Nikafungua wavu wa mbele kwa mbwembwe.

Lahaula!

Mbele ya rejeta, limebana vizuri, kuna boksi. Lile linalowekwa ili isikwaruzwe njiani. Nimeifunga nalo! Rejeta ya watu haipati hata pumzi ya upepo.

"Fundi, umeivalisha koti!" bodaboda mmoja akapiga kelele.

Wakacheka mpaka wakashikilia pikipiki zao. Zuhura akainama kufunga kamba za viatu. (Alikuwa amevaa kandambili.)

Mama akalichomoa lile boksi, akajipepea nalo. "Kumbe upepo upo," akasema.

Injini ikapoa, tukaongeza maji, tukaondoka. Mshale ukatulia mpaka Masaki. Hivi ninavyoandika, mabati yanapigwa misumari. Nilipokuwa nashusha la mwisho, Mama akaninong'oneza: "Baba, siku ukija kuposa, uje na mtu mzima. Wewe unasahau vitu."

Mmesikia? Hajakataa! Kwa hiyo chekeni kwa adabu, huenda mnamcheka bwana harusi.