Tembo wa Udon

Jumatano, 8 Januari
Mwalimu Latsami kasema kila mtu wa darasa la jioni aandike kila siku. Hasomi, anahesabu kurasa tu. Vizuri. Basi niseme ukweli. Nataka kumwoa Buavan, muuza samaki wa kuchoma, anakaa dawati la mbele yangu. Yeye mjane, mimi mgane. Noi wangu kafa miaka sita sasa. Nimeiuliza picha yake. Haikukataa.

Jumamosi darasa zima tunavuka mto, tunakwenda Udon, mji wa Wathai, kutembea. Siku moja. Inanitosha!

Shida ni Thongdi kinyozi. Naye anamtaka. Na ana mafuta ya nywele.

Ijumaa, 10 Januari
Mpango: nawahi basi, naweka kofia yangu kwenye kiti cha pembeni. Buavan akija, naondoa kofia. Mpango hauna tundu.

Jumamosi, 11 Januari
Una tundu. Nilifika wa kwanza, nikaweka kofia. Dereva akasema, wewe mbeba saruji, hebu nipandishie mizigo juu. Nikapandisha. Kushuka, Thongdi kakaa na Buavan. Kavaa kofia yangu!

Kuvuka daraja tu, basi likahamia kushoto mwa barabara. Kwetu ni kulia. Nikapiga yowe kwamba dereva kalewa. Thongdi akauliza kwa sauti, jamani, nani hajamwambia huyu kwamba kwa Wathai ndiyo hivyo? Basi zima likacheka. Buavan naye. Ana meno mazuri.

Udon! Ziwani kuna bata wa mpira, wa njano, mkubwa kuliko nyumba yangu! Mwalimu akatusomesha mabango. Herufi zao na zetu ni mabinamu, ila za kwao zimevaa viatu. Nikasoma "duka la dawa" kabla ya Thongdi. Nikasoma tena, kwa nguvu. Buavan akasema, tumesikia, Kaka Khampheng, hata wagonjwa wamesikia.

Halafu hekaluni. Kuna tembo wa jiwe, mdogo kama paka, mzito. Unamwomba jambo lako, unamwinua kwa kidole cha mwisho. Mama muuza ubani akatueleza. Mara ya kwanza akiinuka, kakusikia. Mara ya pili unaomba asiinuke. Akigoma, umepata. Akiinuka tena, umekosa.

Thongdi akaanza. Tembo akainuka. Mara ya pili akagoma. Darasa likashangilia. Kinyozi akamkonyeza Buavan, mbele ya watu!

Zamu yangu. Nikamwomba tembo kimoyomoyo anipe Buavan. Tembo akainuka kama kikapu cha wali. Mara ya pili najua la kufanya: nilegeze kidole, basi. Mtoto anaweza! Thongdi akasema, mzee kaishiwa, mpeni kiti. Buavan akacheka, akasema, hata wewe Kaka, kamzigo kama haka?

Nikamwinua hadi kifuani.

Kwa kidole kile kile. Nikazunguka naye mara mbili. Wageni wakapiga picha. Darasa likapiga makofi. Mama wa ubani peke yake akatikisa kichwa. Hapo ndipo nikakumbuka.

Kurudi, Buavan akamwacha Thongdi, akahamia kwangu. Akanibinya mkono, akasema mkono kama huu siku hizi hakuna. Akanipa wali na samaki. Akasema Jumanne atapita kwangu. Maskini, hajui ni yeye niliyemwomba, na tembo kakataa. Nikaangalia dirishani njia nzima, nisimpe matumaini.

Jumapili, 12 Januari
Nimemwomba Mwalimu turudi Udon. Kasema labda mwezi wa tatu. Sawa. Safari hii siinui. Nafanya mazoezi na mtungi wa maji: nashika, nakunja uso, naacha. Ngumu! Mkono unainua wenyewe. Picha ya Noi inanitazama vibaya.

Jumanne, 14 Januari
Mazoezi yamekubali!

Buavan kaja asubuhi na mkokoteni. Juu yake jiko lake la samaki. Kavaa sketi ya hariri, sijui kwa nini, siku ya kazi. Kasema kachoka kuchomea samaki peke yake. Kasema jiko likikaa uani kwangu, yeye hana neno, kazi yangu ni kulishusha tu.

Nilikuwa katikati ya mazoezi. Nikalishika. Nikakunja uso. Nikamwambia, Dada, siwezi, zito.

Kauangalia mkono wangu. Halafu kasukuma mkokoteni kwenda kwa Thongdi, hapo jirani. Nimemsikia kinyozi akiguna mpaka saa sita, lakini kalishusha.

Nimefurahi sana. Jiko dogo vile, na sikuliinua hata nukta! Mwezi wa tatu tembo hana ujanja. Buavan ni wangu.