Mashine Kubwa na Vitumbua vya Eufrazia

Jumatatu, 1 Julai 1974

Jumamosi ni misa ya mwaka ya marehemu mke wangu, Eufrazia. Wageni lazima wale vitumbua vyake. Vyake, si vya jirani Zubeida! Shida ni moja: sikuwahi kumuuliza alivyovipika. Nilikuwa nakula tu. Mwaka mzima najaribu, natoa matofali. Lakini leo nimepata njia. Chuo Kikuu wana kompyuta, kubwa kuliko chumba changu hapa Temeke. Itanihesabia vipimo. Zubeida atanyamaza.

Jumanne, 2 Julai

Chuoni. Mkuu wa mashine akaniambia kwa upole, ndugu, foleni ni ya miradi ya taifa, hata bwana wa utafiti wa pamba anasubiri tangu masika. Nikatoka. Nikaingia tena. Sasa mimi ni Mradi wa Kifungua Kinywa cha Mkulima. Akasaini! Nadhani alikuwa na njaa.

Jumatano, 3 Julai

Shemeji Ansbert, mdogo wake marehemu, ndiye mtoboa kadi za kulishia mashine pale. Nimempa vipimo vyote nilivyoharibu: mchele, tui, hamira, na alama za ladha. Alama aibu tupu. Akanionya kila tundu ni tarakimu, nisizikunje kadi, kesho nizipeleke dirishani kwa mashine. Nikazikalia kwenye basi. Si neno. Nimezinyoosha kwa pasi ya mkaa. Zimenyooka kama shati la Pasaka! Cheche kidogo tu zimeruka.

Ijumaa, 5 Julai

Jibu limetoka! Hamira: vikombe vinne. Ansbert akaguna, shemeji, una hakika na zile kadi? Nikamwambia asibishane na mashine. Nikamaliza hamira yote ya duka la ushirika. Kufika adhuhuri mchanganyiko umeinua mfuniko, umevuka kizingiti, umeingia uani kwa Zubeida. Kuku wake wameula. Wanapepesuka. Zubeida akauliza juu ya ua: “Jirani, unapika au unahama?”

Nikafunga dirisha. Nilikaa jikoni. Eufrazia alikuwa akigonga upawa ukingoni, ko-ko, ndipo najua cha kwanza kimeiva. Hilo sikumpa Ansbert. Sikujua kipimo chake.

Jumamosi, 6 Julai

Misa njema. Nikarudi na wageni kwenye chai kavu. Nikamkuta Zubeida uani kwangu na beseni la vitumbua. Nikaonja ili nikosoe. Vya Eufrazia! Nikasingizia moshi. Zubeida akasema walikuwa wakipika pamoja, na chuma chenye vishimo cha kukaangia ni cha mwenzake, yeye alikiazima tu siku ya matanga. Kila akija kukirudisha, mie nafunga dirisha. “Ungeniuliza tu, jirani.” Kumbe! Mie nilikuwa nakaangia sufuria ya ugali.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Nimepumzika, nimefikiri. Kosa limejulikana: pasi. Cheche zake zimetoboa tarakimu zake. Zubeida kanirudishia chuma, kaahidi kunifundisha kesho. Nimemshukuru sana, nikamwambia sina nafasi. Kesho nipo Chuoni. Kuna mchuzi wa pweza wa Eufrazia, nao haujahesabiwa. Safari hii kadi nitazinyoosha chini ya godoro, upande wake Eufrazia. Mwaka mzima nimeuacha wazi. Sasa nitalala huko, kwa ajili ya taifa.