Nilivyoripotiwa na Kompyuta ya Dada

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeamua kuokoa ukoo. Kompyuta ya Dada, pale dukani anapochapisha kadi na vyeti, imezeeka vibaya. Ukiiwasha asubuhi unaweza kupiga pasi shati, ukalivaa, ukalichafua, na bado yenyewe inazungusha kiduara. Shemeji, yaani mume wa Dada, ni mwalimu wa udereva. Hajui kompyuta ila anajua kucheka. Anasema itupwe, inunuliwe mpya. Mawazo ya dereva hayo!

Nikawaambia kuna kitu kinaitwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Nimekisikia kwa fundi simu. Kinafufua kompyuta zilizokata roho. Kinatolewa bure, na kimeandikwa na watu wasiojuana, kila mmoja kwake, dunia nzima. Niliposikia hayo nywele zilinisimama, hata zile ambazo sina tena.

Dada akauliza kama ninakijua. Nikajibu kwamba mimi ndiye niliyewasha jenereta ya hospitali kwa kuikoholea. Akasema hilo si jibu. Kisha akatoa sharti. Ijumaa anakuja mama wa bwana harusi, mteja wake mkubwa, kuchukua kadi. Zisipotoka, mama huyo anavuka barabara kwenda duka la pili, na akivuka yeye mtaa mzima unavuka naye. "Kaka, hiyo ndiyo kazi inayotulisha humu ndani. Na wewe unakula humu ndani. Umenielewa?"

Nimemwelewa. Nimemwambia akalale usingizi. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Jumanne, 5 Mei

Fundi simu amenipa flashi yenye Linux. Ndogo kama kucha ya kidole gumba! Akasema niichomeke, niwashe mashine, kisha nibonyeze kitufe cha kuingilia. Kitufe gani? Akasema inategemea. Nimebonyeza vya safu ya juu kimoja kimoja, halafu kwa kiganja, mwishowe kwa kiwiko. Kiwiko kimefaulu.

Na hapo, sijui niandikeje. Skrini ikawa nyeusi. Maandishi yakaporomoka kama mvua ya mawe juu ya bati. Kimya. Kisha picha safi, na pengwini amekaa pembeni ananitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri tangu jana. Kompyuta ile ile! Na ilikuwa bado haijasakinishwa chochote. Yote hayo yalitoka ndani ya ile kucha ya flashi, vitu vya Dada havijaguswa. Mgeni aliyekuja na godoro lake! Nikavua kofia.

Kabla ya kusakinisha, Dada akanakili kadi zake kwenye flashi nyingine, akaitia kwenye pochi, akavuta zipu, akanitazama. Ndipo tukafuta mfumo wa zamani. Mashine ikauliza kwa adabu: lugha gani, saa ngapi, mmiliki nani. Kidole changu kilikuwa tayari kuandika jina langu. Dada alikuwa nyuma yangu ameshika rula. Nikaandika lake. Nenosiri akaliandika mwenyewe, mimi nimegeuzwa kuelekea ukutani.

Baadaye nikamwomba anifungulie na mimi akaunti. Amenifungulia. Nimejiita mhandisimkuu. Kompyuta imewaka haraka mno, hata Shemeji alisahau kucheka.

Jumatano, 6 Mei

Waifai imetoweka. Haipo! Simu zinaiona, kompyuta imekuwa kipofu. Na printa ya duka inapokea kazi kwa waifai. Dada ameuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya Dada ni mbaya kuliko rula.

Nimeandika shida yangu kwenye jukwaa la mtandaoni, kwa simu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Kabla chai haijapoa mtu amejibu! Hana jina, ana picha ya paka. Hanijui, hanidai, sijawahi kumsalimia, naye ameandika maelezo marefu kuliko barua ya posa. Ameniambia niunganishe simu na kompyuta kwa waya, nipate mtandao wa muda, kisha nifungue dirisha jeusi na kuandika amri ya kuleta programu ya waifai. Nimekaa nikaitazama ile picha ya paka kwa heshima.

Amri inaanza na neno sudo. Nimeelewa mara moja kwamba Sudo ndiye mzee wa ndani, mwenye funguo. Mzee haamrishwi hivi hivi. Nikatanguliza tafadhali. Mashine ikajibu kwamba haimjui mtu anayeitwa tafadhali. Nikamtoa.

Ikaomba nenosiri. Nikaandika, hakuna kilichoonekana. Hata nukta! Nikajua kibodi imekufa. Nikaipindua, nikaikung'uta: makombo ya mkate, pini, kifungo cha shati la Shemeji. Shemeji akachukua kifungo chake, akauliza kama injini ya gari lake nayo nitaipindua. Nikaendelea kuandika gizani, nikabonyeza.

Mashine ikajibu sentensi mbili. Nimezitafsiri neno kwa neno, kwa kamusi. Ya kwanza: mhandisimkuu hayumo katika orodha ya sudo. Ya pili: tukio hili litaripotiwa.

Litaripotiwa! Kwa nani? Nimeizima kwa kuchomoa waya ukutani. Dada akauliza imekuwaje. Nikamwambia mashine inapumzika.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepiga pasi shati jeupe. Wakija kunichukua wanikute mtu wa maana. Nimekaa kwenye kiti mlangoni, nywele nimezichana, zilizopo.

Adhuhuri akaja mwanamume mwenye mkoba na kofia ya kazi. Akauliza kama hapa ndipo kwa mwenye duka. Nikasimama, nikamweleza yote kabla hajafungua mkoba: kwamba Sudo sikumtukana, kwamba nilitanguliza tafadhali, kwamba kibodi niliipindua kwa nia njema, na kwamba mwalimu wa udereva anayeishi humu ndani ndiye wa kuangaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mjomba, mimi nasoma mita ya maji."

Amesoma mita, ameondoka akiangalia nyuma.

Nikamwandikia Paka, nikamuuliza adhabu yangu ni ya namna gani. Amejibu kwa upole ambao sijaupata hata kwa ndugu zangu. Hakuna askari. Ripoti inabaki humo humo ndani ya mashine, kwa msimamizi wake. Na msimamizi ni yule aliyeandikwa wakati wa kusakinisha, yeye peke yake ndiye aliyemo katika orodha ya sudo. Na nenosiri halionekani makusudi, ili aliye nyuma yako asihesabu hata herufi zake.

Nimesoma mara mbili. Kwa hiyo nimeripotiwa kwa Dada! Mimi, niliyemshika mkono kumvusha barabara akienda chekechea! Lakini angalia hekima ya mpango huo. Watu wasiojuana, wako mbali huko, wamekaa wakafikiri: atatokea mtu mwerevu kupita kiasi, na nyuma yake kuna mwenye duka. Wakamkinga mwenye duka.

Kumwambia Dada ukweli? Hapana. Nimemwambia mashine inataka kumtambua mwenyewe kwa vidole vyake, ni itifaki. Akafuta mikono, akaingia kwa akaunti yake, akaandika ile amri nikimsomea, akaandika nenosiri lisiloonekana bila kushangaa chochote. Maandishi yakamwagika, mistari kwa mistari, vitu vinaletwa kutoka pande zote za dunia kuja kwenye meza yenye gundi na mikasi. Alipozima na kuwasha, waifai hii hapa. Hata ya jirani. Hata ya jirani wa jirani!

Dada akasema, "Kumbe si kazi kubwa." Nimemsamehe.

Ijumaa, 8 Mei

Siku yenyewe. Dada akafungua kadi, mama wa bwana harusi yuko njiani, amepiga simu.

Kadi imeharibika! Maandishi yale ya mapambo, yenye mikia kama ya tausi, yamegeuka kuwa ya tangazo la mnada. Yamenenepa, yamesukumana, na jina la bwana harusi limeanguka ukurasa wa pili. Bibi harusi kabaki peke yake kwenye kadi. Shemeji akasema hata gari la kujifunzia halijawahi kumwacha abiria hivyo.

Dada alikaa tu, mikono mapajani, akaitazama barabara, na duka la ng'ambo. Mimi hamu ya kucheka iliniisha, na ya kujisifu pia, kwa muda. Nikashauri tuandike kwamba bwana harusi ni siri. Akanitazama. Nikamtafuta Paka.

Paka amejibu. Sijui analala saa ngapi. Amesema mashine haikuharibu kadi; haina tu mtindo ule wa herufi, kwa hiyo imeazima mwingine ulio mnene. Uletwe mtindo, kila mtu atarudi mahali pake. Dada akaninyang'anya simu, akasoma mwenyewe, akaandika amri mwenyewe. Akafungua kadi tena.

Nilishuhudia kwa macho yangu. Mikia ikarudi. Maneno yakakonda. Na bwana harusi akapanda, taratibu, akaja kukaa ubavuni mwa mkewe. Hata Shemeji alisema "Lo!"

Ikabaki printa. Mfumo wa zamani ulitaka sidii ya printa, ulitaka programu, ulitaka kubembelezwa. Dada akabonyeza chapisha, basi tu. Printa ikakohoa, ikaanza. Hakuna aliyeitambulisha! Walijuana wapi? Mama wa bwana harusi aliingia kadi zikiwa bado na joto. Akaipapasa moja kwa kidole kwenye ile mikia, akasema hajaona kazi safi kama hiyo. Dada akageuka kufuta kitu machoni. Akasema ni vumbi la kibodi.

Nikamweleza mama huyo kwamba mfumo wote ni kazi ya mikono yangu, pamoja na mwenzangu mmoja wa ng'ambo.

Jumapili, 10 Mei

Jana mama wa bwana harusi alirudi. Anataka na kadi za shukrani, zenye mtindo mwingine wa herufi, kwa kesho. Dada amefurahi, ameimba tangu asubuhi. Nikaona ndio wakati wa kumpunguzia mzigo. Mwanamke ana duka, ana mume dereva, tena abebe na usimamizi wa mashine? Si haki. Mhandisi mkuu nipo.

Akatoka kumpokea mteja wa vyeti, akaacha akaunti yake wazi, dirisha jeusi wazi, na nenosiri ametoka kuliandika sasa hivi, kwa hiyo mashine haitaliuliza tena. Mungu akupe nini tena! Nilipanga hatua zangu kwa utaratibu: kwanza kumtoa Dada kwenye orodha ya sudo, maana kiti kimoja hakikaliwi na watu wawili, kisha kujiingiza mimi.

Hatua ya kwanza imekubaliwa papo hapo. Kasi ya ajabu. Hatua ya pili imekataliwa, kwa kuwa mwenye ruhusa ya kuniingiza ni Dada, na Dada nilikuwa nimeshamtoa.

Nimetafakari sana jambo hili. Sasa mashine haina mkubwa. Si Dada, si mimi, si yeyote aliye hai. Inajitawala! Sidhani kama Paka mwenyewe amewahi kufika umbali huu.

Dada amerudi, ameketi, ameagiza ule mtindo mpya wa herufi. Kisha nimemsikia akisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwamba hayumo katika orodha, na kwamba tukio hili litaripotiwa. Ameniita. Ameniita kwa lile jina la utotoni, la nilipovunja kabati la vyombo.

Nimejifungia stoo, naandikia juu ya boksi la karatasi. Nimemweleza kupitia mlangoni, kwa utulivu wa kitaalamu, kwamba huo ndio ulinzi wa kiwango cha juu kabisa: hata mwenyewe hapiti.