Pumzi za Wacheza Karata

Jumatatu, 12 Januari

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia neno tangu majani yapukutike, na sasa theluji imefika usawa wa dirisha. Sababu ninayo, tena nzuri: nilikuwa naifundisha mashine.

Mambo yako hivi. Binti yetu Kirsten, aliyeolewa huko Tucson, jangwani, amejifungua mtoto wa kike. Mjukuu wetu wa kwanza. Atabatizwa Jumapili ya tarehe 25, nami ndiye niliyeombwa kumpakata mbele ya mchungaji. Mke wangu Marlys amekwisha kukata tiketi mbili. Kizuizi ni kimoja: tangi. Maji ya chumvi, matumbawe, konokono, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa aliyezeeka kuliko ndoa ya Kirsten. Nani atalitunza?

Marlys anasema ufunguo wa nyumba apewe Chester Nowak. Chester ni mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga samaki hapa Sheboygan, kando ya ziwa. Hufanya kila kitu kwa mkono, na kujisifu kwa mdomo. Mwaka jana alipita kusalimia tu, akasogeza jiwe langu la tangini, akasema limependeza zaidi pale. Apewe ufunguo? Kamwe!

Kwa hiyo nimenunua kisanduku chenye vihisi. Kimoja hupima joto la maji, kingine kimo chake, kingine uchachu wake. Unakiandikia kanuni, nacho huwasha na kuzima vifaa. Maji yakipoa, hita iwake. Yakipungua, pampu iongeze. Nilikuwa makamu mkuu wa shule kwa muda mrefu. Nilitunga kanuni nyingi, zikavunjwa na kila mtoto mwenye miguu. Mashine haina miguu.

Marlys ametoa sharti. Tangi likikaa hadi Ijumaa ya wiki ijayo bila mimi kutia mkono ndani, tunaondoka wote, na Chester hapati kitu. Nikitia mkono, anapewa ufunguo. Nimekubali papo hapo.

Jumanne, 13 Januari

Zulia limelowa. Kihisi cha kimo ni kiboya kidogo: kikishuka, pampu huelewa kwamba maji yamepungua. Konokono wangu alikipanda, akakikalia. Kiboya kikashuka. Pampu ikaongeza maji. Ikaendelea kuongeza.

Sikutia mkono! Nilichomoa waya ukutani, na ukuta si tangi. Marlys alitafakari hoja hiyo akiwa amepiga magoti na matambara, akaikubali kwa shingo upande.

Nimemtazama yule konokono muda mrefu. Mbona alichagua pale, na kioo chote kile ni chake? Labda alipenda mtikisiko. Labda ametumwa. Hatimaye alishuka kwa hiari yake. Nimeandika kanuni mpya: pampu isizidi dakika moja kwa saa.

Alhamisi, 15 Januari

Jambo la ajabu. Grafu ya uchachu kwenye simu yangu imetulia wiki nzima. Leo, baada ya chakula cha mchana, uchachu ulianza kupanda. Ukapanda hadi alasiri. Kisha ukashuka wenyewe.

Nimerudi nyuma kwenye kumbukumbu. Alhamisi iliyopita, vivyo hivyo. Alhamisi ya kabla yake, vivyo hivyo. Siku nyingine, shwari. Samaki anajuaje kwamba leo ni Alhamisi? Nilimwuliza Marlys. Alikuwa anafuta meza baada ya mashoga zake wa karata kuondoka. Alisema labda ni Mlutheri asiyependa kamari.

Ijumaa, 16 Januari

Samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa, kama Ijumaa zote. Chester alikaa mbele yangu bila kualikwa. Sikutaka kumwuliza. Nilimwuliza.

Alitafuna kwanza, kwa makusudi. Kisha akasema ni pumzi. Majira haya tumeziba nyumba zetu kama chupa. Watu wakijaa sebuleni, hewa waitoayo haina pa kwenda, inaingia majini, na maji yanachacha. Nikamwuliza dawa. "Fungua dirisha kidogo, mzee," alisema. "Kwa mkono. Ule wenye vidole."

Meza nzima ilicheka. Sikumaliza viazi.

Jumamosi, 17 Januari

Lazima lithibitishwe. Nimekaa mbele ya tangi nikipumua. Grafu ilisogea kidogo mno. Nikamwita Marlys, tukapumua wawili. Ikasogea zaidi. Nikamwomba aimbe nyimbo za kanisani, kwa sauti kubwa, beti zote. Ikapanda kama ngazi!

Sijawahi kuona uzuri wa namna hiyo. Pumzi ya mke wangu, imechorwa kwa mstari wa buluu. Nilimwonyesha. Aliutazama kitambo, akauliza kama namwambia kwamba anatia sumu samaki. Nilisema kwa kiasi tu.

Jumanne, 20 Januari

Dirisha la Chester linahitaji mtu wa kulifungua. Langu halitahitaji. Nimefunga feni dirishani, inayovuta hewa safi kutoka nje, na kuandika kanuni tatu. Uchachu ukizidi, feni iwake. Maji yakipoa, hita iwake. Hita isipotosha, taa zote za tangi ziwake zisaidie. Kila kanuni inamwangalia mwenzake. Nimezisoma mara kadhaa, sikuona kosa.

Alhamisi, 22 Januari

Mashoga wa Marlys walifika baada ya chakula cha mchana, wakiongozwa na Dolores, ambaye akishinda hucheka na akishindwa huhutubia. Alishinda mapema. Uchachu ukapanda. Feni ikawaka, barabara kabisa!

Nje ziwa limeganda hadi upeo wa macho. Hewa ya huko iliingia sebuleni bila kubisha. Karata zikapeperuka. Wanawake wakavaa makoti, wakaanza kulalamika, na mtu akilalamika hupumua zaidi, kwa hiyo feni ikaongeza kasi. Maji yakapoa. Hita ikawaka. Haikutosha. Taa zote zikawaka, sebule ikawa nyeupe kama chumba cha upasuaji. Dolores akachomeka birika la kahawa apate joto.

Giza. Umeme wa nyumba nzima ulikatika.

Sikutia mkono. Nilisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, nikamwangalia samaki akiniangalia. Marlys alishuka chini na tochi, akarudisha swichi. Dolores alikuwa ameshika kikombe cha kahawa baridi. "Elroy," alisema, "nimecheza karata kwenye nyumba ya mlevi, na nimecheza kwenye nyumba ya msiba. Hii ndiyo nyumba ya kwanza kunikataza nisipumue."

Walipoondoka, nilianza kueleza kanuni ya nne. Marlys alininyamazisha kwa kiganja, akaketi.

"Tukiondoka Jumamosi," alisema, "nani atakayepumua humu ndani?"

Nilifikiri. Hakuna.

"Basi uchachu utatoka wapi? Feni ya nini? Chukua sanduku lako upange nguo, mume wangu. Hukutia mkono. Umeshinda."

Nimeshinda! Nimeshuka kuchukua sanduku.

Ijumaa, 23 Januari

Sharti limetimia. Chester hapati ufunguo. Suti ya ubatizo imepigwa pasi.

Ila kuna jambo. Nilikuwa nikikunja soksi liliponijia. Marlys anasema nyumba ikiwa tupu, maji yatatulia. Amejuaje? Tangu nifunge vihisi, nyumba hii haijawahi kuwa tupu siku nzima. Tumekuwamo sisi, tukipumua. Je, maji yakizoea pumzi zetu kisha yakazikosa? Huenda uchachu ukashuka kupita kiasi. Hakuna aliyepima. Jambo hili lazima lipimwe kabla ya safari, na nyumba ikiwa tupu.

Marlys ananiita tukalale. Ndege ni asubuhi.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika nikiwa ndani ya gari, gerejini, injini imezimwa, nimejifunika mablanketi. Humu siingilii jaribio. Kalamu inaganda, naipasha joto kwapani.

Marlys ameondoka alfajiri. Sikumkataza, naye hakugombana. Alisimama kwenye mlango wa gereji na sanduku lake, akasema, "Mtoto atashikwa na baba mkwe wa Kirsten. Ana mikono mirefu." Kisha akapanda gari la Chester, aliyekuwa amekuja kumpeleka uwanja wa ndege.

Ufunguo kampa Chester.

Grafu ni nzuri ajabu. Tangu alfajiri, mstari mmoja ulionyooka. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Marlys alisema kweli, na nitamwambia hivyo.

Lakini mstari ulionyooka kiasi hiki, je, ni maji yaliyotulia, au ni kihisi kilichokufa? Kukitazama lazima niingie ndani. Nikiingia, nitapumua, na jaribio limeharibika.

Chester amerudi, yupo kwenye dirisha la gari na bakuli la supu. Anasema ipo ndege ya alasiri, inafika Tucson kabla ya saa za kulala, na mtoto habatizwi hadi kesho. Atanipeleka sasa hivi. Tangi atalitazama yeye, wala hatagusa jiwe. Ameyasema hayo polepole, bila mzaha, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa. Nimemwomba asogee kidogo, kwa maana anatia ukungu kwenye kioo nami sioni simu vizuri.

Mambo ni mawili: niingie nikiwa nimebana pumzi, au nimwombe Chester aingie, abane yake. Ameshaweka supu chini, anatazama saa. Jambo hili halitaki haraka. Nikishaamua, nitakuandikia.