Mgongo Uliozoea Mtoto

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Naenda mlimani! Siyo kuutazama tu dirishani kazini mpaka sindano ya cherehani initoboe kidole. Kwenda kwa miguu, mzigo mgongoni, kulala kwenye hema, kukicha mbele kwa mbele.

Kundi la matembezi linaondoka mwisho wa mwezi. Watapita kipande cha njia ya juu mpaka bonde la pili. Siku nne. Kiongozi wao, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Kapteni, atanipima Jumamosi kwenye kilima cha tangi la maji. Nikifaulu, naenda.

Tangu nizaliwe nauona mlima huu kwa mbali. Nataka kujua nyuma yake kuna nini. Wenye akili watasema kuna mlima mwingine. Sawa. Niuone huo mwingine.

Mwanangu Bonge atabaki na baba yake. Keshaanza kula uji. Mume wangu amekubali. Alikuwa anatazama mpira, lakini kukubali ni kukubali.

Jumanne, 4 Juni

Wifi yangu naye anakwenda. Balaa! Kanunua viatu vya mlimani, anavivaa hata kuanika nguo. Kaniuliza, kwa ule upole wa mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, eti nitaweza kweli, na kunyonyesha huku? Nikamjibu kwamba ziwa halitembei, ninayetembea ni mimi. Jibu kali! Lilinijia alipokwisha kuondoka, lakini humu naliandika kama nililisema.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshona mwenyewe shanta langu la mgongoni, kwa turubai lililobaki kazini. Kubwa! Mume wangu akauliza kama naenda kupanda mlima au nahama.

Sasa mazoezi. Mzigo wa kujaribia sina, ila Bonge ninaye, na uzito wake unatosha kabisa. Nimemfunga kwa mbeleko, tukapanda ngazi za ghorofa zote, juu, chini, juu, chini. Alicheka, kisha akalala. Jirani akanivuta pembeni, akanipa pole, akasema kama nimemkimbia mume nisione haya, kwake kuna godoro.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefika paani bila kuhema! Mlima ulikuwa wazi, hauna wingu hata la dawa. Nilisimama pale mpaka nguo za watu kambani zikakauka. Bonge akanyoosha mkono aushike. Nikamwambia asubiri, mama atamletea kijiwe. Kisha nikaziwaza siku nne, nikapangusa macho kwa mbeleko. Vumbi tu. Paani kuna vumbi.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mashanta yalijazwa mchanga. Nilianza vizuri, nikampita wifi! Kumbe mgongo wangu umezoea mtoto. Kila hatua mkono unakwenda nyuma, unalipigapiga shanta. Sikujua. Njia ilipopanda nikaanza kuliimbia. Kwa sauti.

Kwenye mapumziko wenzangu walitupa mizigo chini, puu! Mimi nililishusha langu taratibu, nikalilaza kivulini, nikalifunika mtandio nzi wasilisumbue. Wifi alicheka mpaka akakalia miiba. Kapteni hakucheka. Aliuliza kwa heshima zote, mtoto ana umri gani, mama?

Kusikia tu neno mtoto, maziwa yakashuka. Blauzi yote!

Nikateremka mbio. Nilimkuta Bonge kalala kifuani kwa baba yake, wote wawili wana uji masikioni.

Jumanne, 11 Juni

Kapteni kaleta suruali kazini ipunguzwe. Kasema katika kundi zima hakuna miguu kama yangu, ila safari hii nibaki. Nitafika juu, halafu roho yote itakuwa huku chini, na mtu wa hivyo huteguka. Nikasema sawa, baba. Nikainamia cherehani haraka. Mguu mmoja wa suruali umekuwa mfupi kuliko mwenzake.

Jumatatu, 1 Julai

Wamerudi. Wifi anachechemea, pua imebabuka, na anang'aa! Nilitaka kumnunia. Badala yake nikamkanda mguu unaomuuma kwa maji ya moto ili anisimulie. Anasema asubuhi mawingu yalikuwa chini yao. Akarusha kokoto, likazama bila sauti. Nikamwomba arudie hapo. Akarudia. Nikamwomba tena. Akasema, wifi yangu, nilikukumbuka sana kule. Nikamkanda na ule mzima.

Jumatano, 3 Julai

Nimejifunza. Nimemwambia mume wangu na wifi: mwenye mtoto mdogo atulie nyumbani, milima itamngoja. Wakanisifu sana, eti nimekua.

Mchana nikapita kwa Kapteni kujiandikisha kipande kinachofuata, cha mwezi wa tisa. Watu wawili. Akauliza mwenzangu ni nani. Nikasema ni kijana mmoja mcheshi, asiyekula sana. Akauliza kama anaweza kutembea.

Nikamwambia bila wasiwasi kabisa, tena kaanza jana! Kutoka kitandani mpaka kwenye ndoo.